TULITAKA GARI LILAINIKE, WAO WAKALIPANDISHA JUU

Ndugu wafanyakazi wa mashamba na viwanda, wengi wenu mnaijua Land Rover ya zamani kwa migongo kuliko kwa macho. Dereva anaijua kwa usukani, meneja anaijua kwa kiti cha mbele, lakini sisi tunaopandishwa nyuma, magoti yetu yakigusana na ya wenzetu wa benchi ya pili, tunaijua kwa kiuno. Leo tunataka kuwaeleza jinsi tawi letu lilivyosumbuka na gari moja la namna hiyo, na jinsi lilivyotengenezwa vibaya kwanza na vizuri baadaye, maana tunajua magari ya aina hii bado yako katika mashamba mengi, na makosa tuliyoyaona kwetu yanaweza kuwa yanafanywa kwenu wiki hii.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya chesisi ndefu, ile inayoitwa 109 kwa sababu kutoka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109, yaani karibu mita 2.77. Series III zilitengenezwa Uingereza tangu mwaka 1971 mpaka 1985, na katika miaka ya 1970 wenzetu wa kiwanda cha Thika, nchini Kenya, walianza kuziunganisha huko. Hii yetu iko katika shamba la chai upande wa Toro, magharibi ya Uganda, na umri wake unazidi ule wa wengi wanaoipanda. Asubuhi inapeleka wachumaji wa divisheni ya mbali, mchana inabeba mbolea, na saa yoyote ya usiku inaitwa kupeleka mgonjwa dispensari. Njia yake ni kilomita 11 za moramu, na mvua ikinyesha moramu huondoka na kuacha mawe.

Springi zake si za koili kama za magari mengi ya siku hizi. Ni mabapa ya chuma yaliyopangwa moja chini ya jingine, refu likiwa juu na fupi chini, yakabanwa katikati kwa bolti moja na kufungwa kwenye ekseli kwa bolti zenye umbo la U. Gurudumu likipanda jiwe, mabapa hujipinda na kuteleza moja juu ya jingine. Yasipoteleza, hayajipindi. Springi iliyokaa miaka bila kufunguliwa, kutu imeingia katikati na matope yamekauka, hiyo si springi tena bali ni ubao wa chuma, na kila jiwe la barabarani linafika kwenye benchi kama lilivyo.

Tena kuna jambo ambalo wenye kukaa mbele hawalijui. Kiti cha mbele kiko kati ya ekseli mbili, kwa hiyo gari linapopiga shimo aliye pale hutikiswa kidogo. Benchi za nyuma ziko juu ya magurudumu, na mwisho wake umepita ekseli, basi aliye pale hurushwa. Ndiyo maana meneja na mchumaji wanaweza kusafiri katika gari moja, siku moja, njia moja, na kila mmoja akasema kweli yake: mmoja kwamba gari si baya, mwingine kwamba gari linaua. Wataalamu wa afya kazini walikwisha kupima kwamba mtu aliyeketi huumizwa zaidi na mtikisiko wa juu na chini unaorudi kama mara 4 mpaka 8 kwa sekunde, maana kwa mwendo huo uti wa mgongo na matumbo hutikisika pamoja nao. Mtu akipata mtikisiko wa nguvu kila siku kwa miaka mingi, mgongo unaharibika. Kwetu mzee wa kunyunyizia dawa aliambiwa maumivu yake ni uzee. Alikuwa na miaka 44.

Mwaka 2021 malalamiko yalizidi, na tawi likaandika barua kwa meneja kuomba springi zitengenezwe. Jibu lilikuja haraka kuliko desturi, nasi tukafurahi upesi mno. Gari lilipelekwa mjini kwa mhunzi. Huko springi za nyuma zilifunguliwa, mabapa yakatiwa motoni mpaka yakawa mekundu, yakapigwa nyundo ili yapinde zaidi kwenda juu, kisha kila springi ikaongezwa bapa moja nene. Kama hiyo haitoshi, zile shakli, yaani vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho wa springi kwenye chesisi, zikatolewa na kuwekwa ndefu, mbele na nyuma. Gari likarudi limesimama kama jogoo. Tulipopima baadaye tulikuta limepanda sentimita 9. Vijana walishangilia, wakasema sasa ni gari la jeshi. Hata katika kamati yetu, tuseme ukweli, wawili watatu walisema mambo yamekwisha.

Dereva wetu ndiye aliyenyamaza. Huyu ni mtu mzima aliyekuwa fundi katika gereji ya mabasi kabla ya kuja shambani, na sisi tukamwuliza, Mzee, mbona hufurahi? Akajibu, ‘Mliomba kulainishiwa, mmeongezewa ngazi.’

Siku zile hatukumwelewa vizuri. Sasa tunaelewa, na tunaeleza. Kuongeza bapa hakulainishi springi, kunaikaza. Gari tupu likawa linaruka zaidi kuliko zamani. Shakli ndefu zilibadili jinsi ekseli ya mbele inavyokaa, na usukani ukaanza kutangatanga barabarani. Propela, ambayo inatoka kwenye gia boksi kwenda kwenye difu, ikawa imeinama kuliko ilivyopangwa, na krosi zake zikaanza kulia. Mipira ya breki ikawa imevutwa kama kamba ya mbuzi. Lakini kubwa kuliko yote ni kupinduka. Land Rover hii ni nyembamba: kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia ni kama mita 1.3 tu, na kimo chake kinakaribia mita 2. Ukiipandisha, na nyuma ukaketisha watu walio juu ya sakafu iliyopanda, uzito wote unakwenda juu huku miguu ya gari ikibaki pale pale. Katika kona ya daraja, ile ya mteremko, gurudumu la ndani lilikuwa likiinuka. Wachumaji walioketi upande huo walikuwa wakiliona kwa macho yao.

Halikupinduka. Madhara yalitoka mahali ambapo hatukuyatazamia. Mama mmoja mchumaji, mwenye kapu mgongoni, aliteremka nyuma jioni kukiwa na manyunyu. Alizoea kushuka pale miaka mingi, na mguu wake ulijua ardhi iko wapi. Ardhi haikuwapo. Akaanguka na kuvunjika kifundo cha mkono, mkono wa kuume, ule wa kuchumia. Nyapara akaandika kitabuni kwamba ni uzembe wake.

Hapa inafaa kila mjumbe wa tawi ajue sheria. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inahesabu ajali inayompata mfanyakazi akiwa anakwenda kazini au anarudi moja kwa moja kuwa ni ajali ya kazini, ila ni juu ya mfanyakazi kuonyesha kwamba safari ilikuwa ya moja kwa moja. Na tena inasema fidia haizuiliwi kwa sababu mfanyakazi alikuwa mzembe. Kwa hiyo lile neno la nyapara, hata lingekuwa kweli, lisingemnyima mama yule haki yake. Tuliandika barua tatu. Baada ya ya tatu alilipwa.

Ndipo tukarudi kwa meneja juu ya gari. Hatukwenda na maneno mengi. Tulimwomba apande nyuma, mwisho wa benchi, kutoka ofisini mpaka divisheni ya mbali na kurudi. Yeye ni kijana, na hakukataa, jambo ambalo tunamsifu. Alikwenda na kurudi bila kusema neno, akashuka polepole akishika mlango, akaingia ofisini. Juma lililofuata tukaletewa karatasi: shamba litanunua vifaa, lakini dereva na msaidizi wake wafanye kazi hiyo Jumapili bila malipo, kwa kuwa ni kwa faida ya wafanyakazi wenyewe.

Tulikataa. Mkataba nambari 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Kufanya kazi Jumapili bure ni gharama. Tulibishana majuma mawili, na mwishoni wakakubali kulipa ovataimu. Wako waliosema tungekubali tu ili gari lipone upesi. Sisi tuliona kwamba likitengenezwa kwa jasho la bure mara moja, mwaka wa pili breki nazo zitatakiwa kwa jasho la bure.

Sasa kazi yenyewe. Dereva wetu alikataza mtu yeyote kufungua nati kabla ya kupima. Gari liliwekwa mahali tambarare, likiwa tupu, na kila gurudumu likapimwa kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, hesabu nne zikaandikwa kwa chaki ukutani mwa gereji. Kisha tukaenda kwa jirani mwenye Land Rover ya aina ile ile ambayo haijachezewa, tukapima vilevile. Hivyo tukapata kimo cha asili. Kimo kile kilikuwa ndiyo amri ya kazi nzima.

Shakli ndefu zilitolewa kwanza, na mzee akazikata vipande kwa msumeno ili zisirudi. Za asili zilikutwa nyuma ya gereji katika debe la vyuma vikuukuu. Springi za nyuma zilizotiwa motoni tulizitupa. Chuma cha springi hupewa ugumu wake kiwandani kwa moto na kupozwa kwa kipimo. Mhunzi akikitia motoni bila kipimo kile, ugumu unapotea, na hata akikipinda vizuri namna gani kitalala tena baada ya miezi. Za mbele hazikuguswa na mhunzi, kwa hiyo tulizifungua, tukasugua kila bapa kwa brashi ya waya mpaka kutu yote ikatoka, tukatazama kama lipo lenye ufa, hasa karibu na tundu la katikati, kisha tukapaka grisi yenye grafiti na kuzifunga tena kwa bolti mpya ya katikati. Kazi ya asubuhi moja, na haina gharama kubwa. Tawi ambalo tajiri wake hana fedha za springi mpya linaweza kudai angalau hii. Angalieni pia kwamba katika Land Rover hizi springi ya upande wa dereva haifanani nguvu na ya upande wa pili. Mkizibadilishana, gari litalala upande.

Kwa nyuma tulipata springi za namna mpya zinazoitwa paraboliki. Hizi zina mabapa mawili au matatu tu badala ya rundo. Kila bapa ni nene katikati na jembamba kuelekea mwisho, na mabapa hayo yanagusana katikati na ncha tu, kwa hiyo hayasuguani kama yale ya zamani, na springi hujipinda kwa urahisi gurudumu linapokuta jiwe. Lakini hapa ndipo mtego ulipo. Springi nyingi za namna hii zinazouzwa hutengenezwa kwa ajili ya watu wanaopenda gari lipande juu. Duka lilituletea hizo kwanza. Tukazirudisha, tukaandika tena kwamba tunataka za kimo cha asili, zenye uwezo wa kubeba watu na si za kubeba mawe, na tukangoja wiki tatu huku gari limesimama juu ya magogo na wachumaji wakienda kwa miguu. Walinung'unika, na walikuwa na haki.

Msuguano wa mabapa ya zamani ulikuwa na kazi moja nzuri: ulizuia gari lisiendelee kunesanesa. Springi mpya haina msuguano huo, basi kazi yote ya kuzuia kunesa inabaki kwa shokabzoba. Zilizokuwapo zilikuwa zimekufa, mafuta yamevuja yote. Kuweka springi nzuri na kuacha shokabzoba mbovu ni kumpa mtoto kitanda cha kurukia. Tulinunua nne mpya za urefu wa asili. Urefu ni jambo la kuangalia: iliyo ndefu mno itagota ndani kabla ya ekseli kufika kwenye mpira wa chesisi na itavunjika, na iliyo fupi mno itazuia gurudumu kushuka kwenye shimo.

Ule mpira wa chesisi tuliutaja sasa hivi. Ni kipande cha mpira kilichofungwa chini ya chesisi juu ya ekseli, ili springi ikijipinda mpaka mwisho chuma kisigonge chuma. Katika gari letu viwili vilikuwa vimeanguka, hatujui lini. Kile kishindo ambacho wachumaji walikiita ‘nyundo’, kilichokuwa kikiwapiga kwenye shimo la karibu na mti wa mvule, kilikuwa ni ekseli ikigonga chesisi. Mipira hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko vifaa vyote tulivyonunua.

Bushi ndizo zilizotusumbua. Ni mpira uliobanwa kati ya mabomba mawili ya chuma, nazo hukaa katika macho ya springi na ndani ya chesisi. Za kwetu zilikuwa zimeshikana na kutu. Mafundi wengi huzichoma moto ili mpira uyeyuke. Moshi wake ni sumu, na kijana msaidizi alipowasha moto mzee alimfukuza kwa maneno ambayo hatuwezi kuyachapa hapa. Tulikata kwa jani la msumeno kutoka ndani, taratibu, kisha tukasukuma nje. Siku nzima kwa bushi nane. Na mkisha kuweka mpya, msikaze bolti zake gari likiwa limening'inia. Zifungeni kwa mkono tu, shusheni gari likae kwa uzito wake, litikiseni, ndipo mkaze. Mkizikaza likiwa juu, mpira unakuwa umejikunja muda wote na utachanika mapema.

Bolti za umbo la U zilikuwa mpya, maana za zamani zilikwisha kunyooka, na tulizikaza mara ya pili baada ya juma la kwanza. Mipira ya breki iliyovutwa tuliibadili yote. Na mahali springi zinaposhikwa na chesisi tulipagonga kwa nyundo ndogo kutafuta kutu iliyojificha, kwa sababu springi mpya kwenye chesisi iliyooza ni hatari. Katika kazi yote hakuna aliyeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hilo halikuwa shauri la mtu, lilikuwa sharti la tawi.

Tulipomaliza tulipima tena. Magurudumu matatu yalikuwa sawa na chaki ya kimo cha asili, la nne lilizidi sentimita moja. Baada ya mwezi springi zilizama kidogo na yote manne yakalingana. Sakafu ya nyuma ilirudi ilipokuwa.

Tusiwadanganye kwamba limekuwa basi la starehe. Moramu ni moramu. Lakini ile nyundo ya mvule haipo, na mgonjwa aliyelazwa chini anafika dispensari bila kushikwa mabega na watu wawili. Kuna jambo moja tulilolijua baada ya kulipanda: springi laini huliachia gari liiname zaidi kwenye kona. Kimo hakikuongezeka, lakini dereva hana budi kupunguza mwendo. Kwa hiyo tulikubaliana na meneja kwa maandishi kwamba nyuma hawatazidi watu wanane, na karatasi hiyo imebandikwa mlangoni. Dereva akiambiwa aongeze wa tisa, anaonyesha karatasi. Amekwisha kuionyesha mara mbili, mara ya kwanza kwa nyapara yule yule wa kitabu.

Mama aliyevunjika mkono sasa yuko kwenye mizani, anapima majani, kwa kuwa kifundo chake hakikurudi kama zamani. Anapanda gari hilo kila asubuhi. Tuliweka ngazi ya chuma nyuma, kitu ambacho kingepaswa kuwekwa tangu mwanzo na ambacho hakuna aliyekifikiria, hata sisi.

Wachumaji wa divisheni ya juu wao hawapandi Land Rover. Wanapandishwa kwenye trela la trekta, na trela hilo halina springi za namna yoyote, ekseli imefungwa moja kwa moja kwenye chuma cha chini. Walipoona gari la wenzao limetengenezwa, walituma wajumbe wawili kwa tawi. Barua ya kwanza juu ya trela iko ofisini kwa meneja, na ya pili imekwisha andikwa.